Akiba Haiozi

Daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili nasi tuone. "Hii ni nyonga ya kulia," akasema, "na hii ni ya kushoto." Hakuhitaji kutuambia mbovu ni ipi. Ya kulia ilikuwa duara kamili, kama chungwa lililokaa ndani ya bakuli lake. Ya kushoto ilikuwa imebonyea upande wa juu, kama chungwa lililokaliwa na mtu kwenye daladala.

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, mkoba wangu mapajani kwake. "Sasa daktari," akasema, "si mtengeneze?"

"Mama, kutengeneza tunaweza," daktari akamjibu kwa upole. "Swali ni lini."

Nina miaka 29. Ninafundisha Hisabati katika shule ya sekondari huko Temeke. Nilizaliwa na selimundu. Tangu siku ile nimekuwa nikizunguka na hilo neno "lini" kichwani, na nimegundua kwamba si swali la mifupa peke yake. Ni swali la kama nina haki ya kumkopa mwanamke ambaye bado hajawapo, yaani mimi wa miaka hamsini na kitu, na kama yeye ana haki ya kunidai mimi wa leo.

Kwanza nieleze kilichoharibika. Ncha ya juu ya fupaja ni kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kikombe cha nyonga. Kichwa na kikombe vyote vimefunikwa na gegedu, utando mweupe unaoteleza, wenye unene wa milimita chache tu. Ukila paja la kuku, ile sehemu nyeupe inayong'aa kwenye ncha ya mfupa, ambayo watoto hupenda kuitafuna, ndiyo gegedu. Unapotembea, nyonga hubeba mzigo unaokaribia mara tatu ya uzito wa mwili wako, na gegedu ndilo linalozuia mifupa miwili isisagane.

Gegedu lina ajabu moja: halina mishipa ya damu. Hujilisha kwa kufyonza ute uliomo ndani ya kiungo, kama sifongo. Ukikanyaga linakamuliwa, ukiinua mguu linafyonza tena. Ndiyo maana likichanika halijiponyi kama ngozi. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu hufika pale. Kwenye gegedu haifiki. William Hunter, daktari Mskoti, aliliandika jambo hilo London mwaka 1743, na mpaka leo madaktari wa viungo bado wanapambana nalo.

Wapo wanaojaribu kulitibu gegedu lenyewe. Upasuaji wa aina moja hutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ulio chini ya sehemu iliyoharibika, ili damu itoke, igande pale, na hatimaye izae kovu litakaloziba pengo. Kovu hilo si imara kama gegedu la kuzaliwa nalo, lakini linaziba. Mwaka 1994 madaktari wa Sweden walichapisha habari za wagonjwa ambao seli za gegedu la goti zilitolewa, zikakuzwa maabara, kisha zikarudishwa gotini. Niliposoma hayo nilifurahi kwa dakika kumi hivi. Halafu nikaelewa kwamba tiba zote hizo zinahitaji kitu ambacho mimi sina, yaani mfupa ulio hai chini ya gegedu.

Tatizo langu lilianzia chini. Chembe zangu nyekundu za damu, zikipungukiwa na oksijeni, hujipinda kama mundu, na huko ndiko lilikotoka jina la ugonjwa. Chembe zilizojipinda huziba mishipa myembamba, na mishipa inayolisha kichwa cha fupaja ni myembamba na michache. Mfupa ukakosa damu, ukafa. Gegedu lililokuwa juu yake, kwa kuwa halikuwa linategemea damu, likabaki hai. Kwa muda fulani, bila kujua, nilikuwa ninatembea juu ya gegedu zima lililofunika mfupa mfu, kama sakafu iliyopigwa rangi vizuri juu ya mbao zilizokwisha kuliwa na mchwa. Kisha mbao zikavunjika. Gegedu likapasuka, likaanza kusagika.

"Ungewahi," daktari alisema, "tungetoboa mfupa kupunguza mgandamizo wa ndani. Pengine kichwa kisingebonyea."

Sikuwahi kwa sababu mwenye selimundu huzoea maumivu. Tangu utotoni nimejifunza kuyapanga kwa madaraja: haya ni ya kunywa maji mengi na kulala, haya ni ya vidonge, haya ni ya kumwamsha mama usiku tutafute bajaji. Maumivu ya nyonga yalianza kidogo kidogo, nikayaweka daraja la kwanza, yakakaa humo miaka miwili. Uvumilivu ambao watu wamenisifia maisha yangu yote ndio ulionichelewesha.

Sasa kilichobaki ni kukata kichwa kile chote, kuchonga kikombe, na kuweka nyonga bandia. Daktari alipofika hapo ndipo aliponishauri nisubiri.

Sababu zake zilikuwa za maana. Nyonga bandia nayo huchakaa, kama kitu chochote kinachosuguana. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa Australia na Finland: baada ya miaka 25, nyonga bandia 58 kati ya 100 zilikuwa bado zinafanya kazi bila kubadilishwa. Kwa mtu wa miaka 70 hiyo ni habari njema, kwa kuwa nyonga yake huenda ikamaliza naye safari. Kwa mtu wa miaka 29 ina maana kwamba kuna siku atarudi mezani.

"Na kurudi si sawa na kwenda mara ya kwanza," alisema. "Mara ya kwanza tunaukuta mfupa wako. Mara ya pili tunaukuta mfupa tuliokwisha kuukata. Mara ya tatu tunakuta mabaki." Tena mtu wa selimundu, kila akiingia chumba cha upasuaji, ana hatari zake za ziada: damu, maambukizi, mapafu. Akashauri nitumie gongo, nipunguze kusimama, ninywe dawa, na kama ninaweza nisogeze mbele miaka mitano, hata minane. "Kila mwaka unaouvumilia sasa," akasema, "unauweka akiba kwa ajili ya baadaye."

Mama akatikisa kichwa kukubali. "Akiba haiozi," akasema.

Tukatoka na gongo jipya.

Usiku ule sikulala. Mwalimu wa Hisabati akikosa usingizi hupiga hesabu. Nilichukua simu nikaanza kusoma, nikakutana na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994. Watafiti walikuwa wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, wakakadiria kwamba kwa aina kali ya ugonjwa, ambayo ndiyo yangu, nusu ya wanaume walifariki kabla ya kufika miaka 42, na nusu ya wanawake kabla ya 48.

Nikachukua daftari. 29 jumlisha 25 ni 54. Nikaandika 54 juu, 48 chini, nikazitazama. Kama nyonga bandia ingedumu miaka 25, na mimi ningekuwa katika ile nusu ya kwanza, basi chuma kile kingenizika. Kingeingia nami kaburini kikiwa bado na udhamini. Ninaambiwa nichechemee miaka minane kwa ajili ya mwanamke ambaye, kwa hesabu hizi, huenda asiwepo.

Nilicheka peke yangu gizani, kisha nikashikwa na hasira. Utoto wangu wote dawa ilinihesabu kama mtu asiyefika mbali. Sasa, siku ninapoiomba kitu, inanijibu kwamba nina maisha marefu mbele yangu, nisiyatumie vibaya.

Hapa lazima nieleze habari za mama. Nilipokuwa na miaka minne, mtu mmoja katika kituo cha afya alimwambia asijipe matumaini makubwa. Watoto wa namna yangu hawafiki mbali. Aliyesema hakuwa mkatili. Nadhani alikuwa anajaribu kumpunguzia uchungu mapema. Nilipofika umri wa kuanza shule, ndugu wakakaa kikao. Hela ilikuwa ya kuwasomesha vizuri watoto wawili, na sisi tulikuwa watatu. Mjomba mmoja alisema waziwazi kile ambacho wengine walikuwa wanakizunguka: kumlipia ada mtoto ambaye hatazifikia faida zake ni kumwaga maji mchangani.

Mama hakuniambia habari hizi mpaka nilipopata ajira. Nilimuuliza alimjibu nini mjomba. Nilitegemea kusikia kwamba aliniombea, au kwamba moyo wake ulimwambia nitaishi.

"Nilimwambia una miaka saba," mama akasema. "Mtoto wa miaka saba anakwenda shule."

Jibu hilo nimelirudia mara nyingi. Mjomba alikuwa anauliza ninastahili nini kulingana na miaka iliyobaki. Mama alikuwa anauliza ninastahili nini kulingana na nilipo. Hakubishana naye kuhusu uhai wangu, kwa sababu hata yeye hakujua. Alikataa tu kwamba hilo ndilo swali.

Lakini sikutaka kukimbilia uamuzi kwa sababu ya sentensi moja nzuri ya mama. Daktari si mjomba. Mjomba alitaka kuninyima kwa sababu nitakufa mapema. Daktari alitaka nisubiri kwa sababu nitaishi muda mrefu. Nikaamua kujifunza kitu hiki wanachotaka kunitia kimetoka wapi.

Kimetoka Uingereza, katika hospitali ya Wrightington, kwa daktari aliyeitwa John Charnley. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuwawekea watu vikombe vya nyonga vya teflon, ile plastiki inayozuia chakula kushika kwenye kikaango. Aliwapasua wagonjwa wapatao 300. Mwanzoni walitembea vizuri ajabu. Baada ya miaka miwili mitatu teflon ilianza kusagika, vumbi lake likaharibu mwili kuizunguka, na maumivu yakarudi. Charnley alilazimika kuwafungua tena, mmoja baada ya mwingine, atoe kile alichokiweka kwa mkono wake.

Kisha fundi wake wa karakana, Harry Craven, akaijaribu plastiki nyingine, polithini nzito. Charnley aliiona haina maana, lakini Craven akaendelea kuisugua kwenye mashine. Polithini ikastahimili. Safari hii Charnley alijipandikizia vipande vya plastiki zile kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili utavipokeaje. Novemba 1962 akaanza kuitumia kwa wagonjwa. Na aliwaomba wakubali kwamba wakifa, nyonga ile itolewe irudishwe kwake, apime imechakaa kiasi gani. Nyonga ninazoonyeshwa leo ni wajukuu wa ile.

Nilichojifunza kwa Charnley hakihusu plastiki. Mwaka 1958 hakuweza kujua mwaka 1961 utaleta nini. Hakuna mashine ya kupima miaka zaidi ya miaka yenyewe. Wale 300 walilipia kutojua kwake, na hilo si jambo dogo. Kila mmoja wao alikuwa na ngazi zake za kupanda na kitanda chake cha kugeuka. Lakini hakuwakimbia. Aliwafungua tena kwa mkono ule ule, na waliofuata aliwaomba hata mifupa yao ili aendelee kuwajibika baada ya wao kufa. Nikafikiri: labda wajibu kwa mtu wa baadaye hauwi kukisia sawasawa yatakayompata. Labda ni kupanga tangu sasa namna ya kumjibu siku akija kudai.

Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, alilisukuma swali hili mbali zaidi katika kitabu alichokitoa mwaka 1984. Alisema kinachotuunganisha na nafsi zetu za baadaye ni kumbukumbu, nia na tabia, na kwamba kamba hizo hulegea kadiri miaka inavyopita. Mimi wa miaka 54 anaweza kuwa mbali nami kama alivyo mbali ndugu wa ukoo ambaye tunakutana misibani. Parfit akaona kwamba basi uzembe dhidi ya nafsi yako ya uzeeni unaweza kuhesabiwa kama kosa la kumdhulumu mtu mwingine.

Hoja hiyo ilinitisha kwa siku kadhaa. Nilimwona yule mama wa miaka 54 akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji, mifupa yake imekonda, akiniuliza: hukuweza kuvumilia kidogo?

Halafu nikaona kwamba hoja hiyo inakata pande zote mbili. Kama yeye ni mtu mwingine, basi na mimi ni mtu mwingine kwake. Ana haki ya kunidai nisimdhulumu, kama jirani anavyoweza kudai nisimwagie maji machafu uani kwake. Hana haki ya kunidai nikae na maumivu miaka minane ili yeye apate nyonga mpya zaidi. Hakuna jirani anayedaiwa hivyo. Na kama yeye si mtu mwingine, kama ni mimi yule yule, basi atatengenezwa na siku hizi ninazoziishi. Hatashuka kutoka mbinguni akiwa na miaka 54. Atatokana na mwalimu huyu, mguu huu unaokonda kwa kutotumika, mgongo huu unaopinda kwa kuegemea gongo.

Hapo ndipo nilipoanza kubishana na methali. Akiba haiozi, ni kweli, lakini inategemea umeweka nini. Mchele mkavu hukaa. Samaki mbichi hakai. Je, miaka ya maumivu ni kitu cha kuwekwa?

Nikaorodhesha, kama ninavyowaambia wanafunzi waorodheshe walichopewa kabla ya kukokotoa. Zamani nilikuwa ninasimama vipindi vinne mfululizo. Sasa kuna kijana wa kidato cha pili ambaye, bila kuambiwa na mtu, huleta kiti kutoka ofisini kila ninapoingia darasani kwao, akakiweka karibu na ubao, kisha akarudi kukaa kwake kama vile hakufanya kitu. Nilikuwa ninafundisha kidato cha nne. Madarasa yao yako juu, nikaomba kubadilishiwa. Nilikuwa ninakwenda kwa shangazi Mbagala kila Jumapili. Sasa ninampigia simu. Kulikuwa na mtu aliyetaka kunioa. Sitaandika mengi juu yake, ila nilianza kukataa kutoka naye kwa sababu sikutaka aone ninavyoshuka kwenye gari. Vidonge navyo havikuwa bure; figo za mwenye selimundu zina shida zake, na daktari wa kliniki alikwisha kunionya kuhusu baadhi ya dawa za maumivu.

Nikatazama orodha ile nikatafuta ni kipi kati ya hivyo kilikuwa kinawekwa akiba mahali fulani ili nikichukue baadaye. Sikukiona. Jumapili za Mbagala haziwekwi. Misuli haiwekwi. Yule mtu hakuwekwa. Chuma tu ndicho kilichokuwa kinaongezewa miaka, kwa kukaa dukani.

Nakiri kwamba hesabu hii haimfai kila mtu. Yupo ambaye maumivu yake ni ya daraja ambalo gongo na mazoezi vinayatosha. Huyo akisubiri hapotezi maisha, anapata faida halisi. Yupo mwingine wa umri wangu ambaye gegedu lake limechanika lakini mfupa ni hai. Huyo ana njia nyingine kabla ya kukata. Na sisemi kwamba ya kesho hayana uzito. Miaka yangu inaweza kuwa mingi. Hata siku ile niliyocheka gizani, kuna kitu nilikuwa nimekiruka kwenye utafiti ule kwa sababu ya hasira.

Nilikigundua niliporudi kwa daktari. Safari hii nilikwenda peke yangu, nikachukua na daftari.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamwonyesha 54 na 48. Nikamwambia, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba chuma anachonitunzia huenda kikanizika.

Aliitazama kurasa ile muda mrefu. "Hawa," akasema, akigusa ile 48 kwa kalamu, "walifuatiliwa kabla haidroksiyurea haijawa dawa ya kawaida ya selimundu. Wewe unainywa tangu lini?"

"Miaka tisa."

"Basi hii si hesabu yako." Akanirudishia daftari. "Mwalimu, ningeweza kukuwekea nyonga siku ile ile ya kwanza, nikajisemea moyoni, huyu hatafika kuhitaji ya pili. Wapo wanaofikiri hivyo. Mimi nilikuhesabu pamoja na watakaozeeka."

Sikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo. Nilikuja kugombana, nikajikuta ninatafuta leso. Katika miaka 29 hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuzungumza nami juu ya uzee wangu kama kitu cha kupangiwa mipango. Ushauri wake wa kusubiri, ambao ulikuwa umeniudhi kiasi kile, ulikuwa umebeba heshima niliyoitafuta maisha yangu yote, na mimi sikuiona kwa sababu ilikuja imevaa gongo.

Lakini heshima si jibu. Nilipotulia nikamfungulia ukurasa wa pili, ile orodha. Aliisoma yote, hata mstari wa yule mtu.

"Siku ile sikukuuliza haya," akasema.

Hakika hakuuliza. Wala mimi sikusema. Mgonjwa haulizwi uji, tunasema, na methali hiyo ina huruma ndani yake: mtu aliye hoi humsumbui kwa maswali, unampikia tu. Ila mimi sikuwa hoi. Nilikuwa mtu mzima mwenye daftari. Yeye alikuwa na ujuzi wa chuma na mfupa. Jumapili za Mbagala zilikuwa upande wangu wa mezani, na hesabu isingekamilika bila mmoja wetu.

Akanieleza tena hatari zote, polepole, na mimi nikaziandika. Mwisho akaniuliza: "Wewe unataka nini?"

"Nataka kufanyiwa likizo ya Juni."

"Utahitaji damu. Watafute ndugu wawili watatu waje kuchangia mapema. Na ukifika miaka ile," akaonyesha 54, "ujue utarudi. Si kwangu, mimi nitakuwa nimestaafu. Lakini utarudi."

"Nitarudi," nikasema, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nilijua kwamba ninamwahidi mtu ambaye hakuwa daktari.

Tatizo lililobaki lilikuwa hela. Bima ililipa sehemu. Kilichobaki kilikuwa mishahara yangu ya miezi kadhaa. Jioni nilimkuta mama jikoni anachambua mchele. Nikamwambia nimeamua. Hakushangaa. Akafuta mikono kwenye khanga, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani yake ilikuwa hati ya kiwanja cha Chanika, kile alichokinunua kidogo kidogo kwa hela ya vitumbua.

"Dalali ameshakuja kukiona," akasema. "Alhamisi analeta mtu."

Nikaichukua bahasha, nikaiweka mezani kati yetu.

"Mama, mwambie dalali asije."

"Hela utatoa wapi?"

"Nimeomba mkopo saccos ya walimu. Miezi thelathini na sita. Watakata kwenye mshahara."

"Ujifunge madeni yote hayo, na kiwanja kipo?"

"Hii ya sasa ni yangu, nitailipa mimi, kwa kuwa nitakuwa ninatembea kwenda kazini." Nikamwonyesha daftari, ile namba ya juu. "Nikifika hapa nitapasuliwa tena, na itakuwa ngumu kuliko hii. Huyu ndiye wa kuwekewa kiwanja."

Mama aliisogelea taa, akaisoma ile namba. Macho yake siku hizi yanahitaji miwani, naye hataki kuivaa.

"Hamsini na nne," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi mwenyewe sijafika mbali sana na hapo." Akairudisha hati ndani ya bahasha, akaikunja kona iliyochakaa, akabaki ameishika. "Basi itabidi tukizungushie michongoma. Majirani wa kule wanasogeza mipaka."